Nusu siku Jozani: kima punju na njia ya mikoko

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, inastahili safari, ingawa kampuni tuliyoikodi mjini Unguja ilitufikisha adhuhuri, wakati jua limeshawaka. Hata hivyo kima punju, ambaye asili yake ni Zanzibar pekee, alikuwa juu ya mkungu hatua chache kutoka tulipo, akitafuna majani machanga bila kutujali. Mwongozaji alikataza kumsogelea, na wenzetu wawili wenye simu walikemewa, tena kwa haki. Nilichokipenda zaidi ni njia ya mbao iliyopita katikati ya mikoko, ambako maji yalikuwa yamekupwa na kaa wakikimbilia mashimoni kati ya mizizi. Matuta ya barabarani, yanayowaepusha kima kugongwa, yanaudhi abiria. Yaachwe hapo hapo.