Uzoefu wangu: harusi ya milimani Finse, Norwei, kwa ski na mila za pande zote mbili

Aisee hii pakeji nimeikubali, tena sana, ila kuna mambo mawili matatu mtu ayajue kabla hajatoa hela yake. Ni pakeji ya harusi ya milimani kipindi cha baridi, pale Finse, inaandaliwa na kampuni ndogo ya waongozaji wa milima: wanawapandisha kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, nyie maharusi na wageni wanaoweza, ndoa inafungwa kwenye theluji, jioni sherehe ndani. Mimi Mchaga wa Marangu naishi Bergen, mume wangu mtu wa Voss, na kwao huko mtoto anajua ski kabla hajajua kusoma. Mimi nimejifunzia ukubwani, naweza, ila siyo kama wao.

Kwa asiyepajua, Finse ni stesheni ya treni, mita 1,222 kutoka usawa wa bahari, hakuna stesheni Norwei iliyo juu kuliko hiyo, iko kwenye reli ya Bergen kwenda Oslo iliyofunguliwa 1909. Kipindi cha baridi huko hufiki kwa gari. Kwa hiyo wageni, keki, nyama, magauni, wazee na fimbo zao, vyote vinashuka kwenye treni, na kampuni ilikuwa na mtu pale stesheni anapokea mzigo mmoja mmoja na orodha mkononi, hilo walilifanya vizuri mno. Ukitazama mbele unaiona barafu ya Hardangerjøkulen, juu kabisa ni mita 1,863. Sisi tulitaka kufunga ndoa huko juu.

Siku moja kabla mwongozaji wetu, dada mmoja mpole lakini haburuzwi, alitutoa nje wote tuliokuwa tunapanda. Kila mtu anavaa bikoni kifuani, kile kidude kinachotuma ishara ya redio ili ukifukiwa upatikane, ndani ya koti siyo kwenye begi, na begini anabeba koleo na ile fimbo ndefu ya kuchoma kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa. Akatuambia maporomoko ya theluji yakikufukia una kama dakika kumi mpaka kumi na tano za matumaini ya kweli, baada ya hapo nafasi inashuka haraka, kwa hiyo anayekuokoa ni mwenzio uliye naye pale, siyo helikopta. Basi akaificha bikoni moja chini ya theluji akatuambia itafuteni. Mpambe wangu na kucha zake za harusi akachimba mpaka akaipata! Nilipenda kwamba hakuna aliyeachwa eti kwa sababu ni mgeni wa harusi. Pia alitufundisha kuangalia mteremko, ukifika nyuzi 30 na kuendelea ndo theluji inapenda kuporomoka, kwa hiyo njia yetu aliichora ikipita kwenye miteremko ya chini ya hapo.

Kupanda kwenyewe unabandika ngozi chini ya ski, zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli, siku hizi ni mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa angora, au nailoni, manyoya yake yamelala upande mmoja kwa hiyo ski inateleza kwenda mbele lakini hairudi nyuma. Unapanda hivyo taratibu, pole pole kama Kilimanjaro. Nguo ya harusi tulibeba begini, huwezi kupanda na gauni, jasho likikauka kwenye upepo unaumwa.

Sasa siku yenyewe upepo ukaanza tukiwa hata barafu hatujaifikia. Kulikuwa na weupe mtupu, mbingu na ardhi hujui ipi ni ipi. Yule dada akasimama, akatusogeza pamoja, akaangalia saa, akasema tunarudi. Hakutuuliza kama tunakubali. Nililia pale pale, kwa sababu nilishajiona juu huko, na nina hakika wapo watoa huduma wengine ambao wangeniona nimelipa nalia wangenionea huruma wakaendelea kupanda. Norwei wana kanuni tisa za milima ambazo kila mtoto anazijua, ya nane inasema geuka mapema, hakuna aibu kurudi, na zilisambazwa baada ya watu wengi kufia milimani Pasaka ya 1967. Baba mdogo wangu kaongoza watalii Kilimanjaro miaka na miaka, alikuwa chini na wazee, alipotuona tunarudi akaja kumpa yule dada mkono, akaniambia, "Mwanangu, huyu ni mtu wa mlima. Mimi nimeshageuza watu Uhuru wanaiona kwa macho, na wote wako hai." Hapo nikatulia.

Na hapa ndo naipa kampuni alama zote. Tangu mwanzo walitulazimisha tuchague na sehemu ya pili, ya chini, karibu na ziwa Finsevatnet lililoganda, na wakaiandaa kama vile ndo yenyewe: kuta za theluji zimejengwa kuzuia upepo, benchi za theluji zimetandikwa ngozi za reindeer, moto pembeni. Nilikuwa nawaona wanasumbua kutuulizia sehemu ya pili, kumbe ndo tuliyofungia ndoa, na mama yangu akawepo, bibi yake mume wangu naye akawepo. Kule juu wasingefika. Wazee waliletwa na sleji zinazovutwa na mbwa, maana Norwei kuendesha skuta za theluji kwa starehe tu kwa kawaida sheria haikuruhusu. Mama mbwa kwake ni wa kulinda nyumba, alishikilia mkono wa baba mdogo mwanzo mpaka mwisho wa safari, aliposhuka akawa anauliza majina ya mbwa mmoja mmoja.

Familia ya mume walinivisha taji la fedha la bibi harusi, lile la kwao la zamani lenye vipande vidogo vidogo vinavyoning'inia pembeni, ukitembea vinalia. Lakini fedha kwenye baridi ile inachoma kwenye paji la uso kama moto. Mama akavua kanga aliyojifunga juu ya koti lake, akaomba mkasi, akakata upindo mrefu, akanizungushia kichwani kwanza ndo taji likakaa juu yake. Mama mkwe alimsaidia kuufunga kwa nyuma, hawana lugha moja lakini walielewana kabisa. Gauni lilikuwa la kitenge, ndani sufu tupu.

Mbele yetu alitembea mpiga fidla ya Hardanger, ndo mila yao, harusi inaongozwa na fidla. Ile fidla ina nyuzi nyingine chini ya zile anazopiga, hazigusi ila zinaitika zenyewe, kwa hiyo inasikika kama wako wawili. Aliiweka ndani ya koti mpaka dakika ya mwisho, maana baridi inaharibu sauti. Alipomaliza tu shangazi zangu wakapiga vigelegele, na Wanorwei wakabaki wanatabasamu na machozi. Mchungaji alikuwa Mlutheri, na sisi nyumbani ni KKKT, kwa hiyo mama hakuwa na neno. Pete tukavaa mkono wa kulia kama wao.

Baada ya hapo mtori. Mama aliupika usiku, ndizi mbichi tulinunua Bergen, ukatiwa kwenye chupa za chai ukaja na sleji. Mtu ametoka kwenye upepo ule unampa kikombe cha mtori wa moto wenye nyama iliyopondeka kabisa, waongozaji wenyewe waliongeza. Jioni tukakata ndafu, mjomba wa mume alichoma kondoo mzima Voss akamleta kwa treni amefungwa vizuri, tukamlisha mama mkwe na baba mkwe kama inavyotakiwa. Na wao wakaleta chao, kichwa cha kondoo kilichotiwa chumvi, kikakaushwa kwa moshi, kikachemshwa, kinaliwa nusu nusu, chakula cha heshima cha Voss. Baba mdogo alikimaliza mpaka shavu na kusema Marangu hatupitwi kwa vichwa lakini hiki ni kitamu. Hotuba kwao ni nyingi mnoo, kila mtu anajiandikisha kwa MC, wageni wakipiga miguu chini maharusi wanaingia chini ya meza kubusiana. Shangazi zangu walipiga miguu usiku kucha.

Yasiyonifurahisha. Tuliambiwa vifaa vimo kwenye bei, kufika huko ngozi za ski na bikoni za wageni zikalipiwa pembeni, hiyo siyo haki, waandike wazi. Buti za wadogo zangu zilikuja usiku na mbili hazikuwatosha, mdogo wangu mmoja akabaki chini akiwa na hamu kweli, hilo linaniuma mpaka leo. Na baada ya kulipa advansi wiki nzima hawajibu meseji.

Bei siyo ya kila mtu. Kinachokula hela ni waongozaji, na pale usibanie: uliza kama ana cheti cha kimataifa cha uongozaji wa milima, na uliza wageni wangapi kwa mwongozaji mmoja. Sisi michango ya nyumbani ililipia sleji na tiketi za treni za wazee, kamati Moshi walisema wazee kwanza, na walikuwa sahihi.

Makaratasi anzeni mapema: Norwei lazima mpate cheti cha kuruhusiwa kuoana kutoka ofisi ya kodi, kinadumu miezi minne tu, na karatasi za kutoka nyumbani zinachelewa. Msipange karibu na Pasaka, Finse inajaa. Wazee wanunulieni nguo za ndani za sufu, siyo masweta ya pamba, na mwambieni mwongozaji mapema kama kuna mwenye presha, wetu alipanga sleji ya mama iwe ya kwanza kurudi.