Dirisha la picha za eksirei

Anayetaka kujua hospitali ya binafsi niliyompeleka mdogo wangu ina mashine gani na asome bango lililopo langoni. Mimi nitaeleza habari za dirisha moja tu, lile la kuchukulia picha.

Miezi kadhaa iliyopita mdogo wangu alianguka na boda boda katika barabara ya Bombo, usukani ukamgonga chini ya mbavu za kushoto. Hakutoka damu hata tone, ila alipumua kwa taabu na kulalamikia bega. Alipigwa picha ya kifua, kisha bwana wa dirishani akaizuia kwa sababu zilikuwa zimebaki shilingi 20,000 na mtandao wa pesa za simu ulikuwa umekatika. Nilimsihi ampelekee daktari, mimi nibaki pale kama rehani. "Mama, mgonjwa mahututi haji kwa miguu yake," akanijibu, akaendelea na chai yake. Chai! Muda wa saa mbili nzima picha ilikaa kando ya kikombe.

Ilipomfikia tabibu wa zamu, aliona weusi wa hewa upande wa kushoto, akadhani ni hewa iliyovuja kuzunguka pafu, akaagiza mrija wa kifuani. Daktari bingwa wa upasuaji, mama mmoja mpole, akamzuia. Alipitisha mrija mwembamba puani ushuke hadi tumboni, akataka picha nyingine, na mrija ule ukaonekana umejikunja ndani ya kifua. Kipimo cha CT kikathibitisha kwamba kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kimechanika na mfuko wa chakula umepanda juu, ukilikandamiza pafu. Alinieleza kuwa jambo hili hutokea zaidi kushoto, kwa kuwa kulia ini hukinga, na kwamba mrija wa kifuani ungeweza kuutoboa mfuko huo. Walimpasua tumbo usiku uleule, wakaushusha mfuko mahali pake, wakashona kiwambo kwa nyuzi zisizoyeyuka.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mtu asikanyage pale, lakini nitakuwa mwongo, maana kwa upasuaji ningempeleka hata mama yangu mzazi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeamua hadi juzi, nilipomrudisha mdogo wangu kuangaliwa, na bwana yuleyule akanidai risiti kabla hajaitikia salamu. Basi, msiende. Au nendeni siku ambayo hayupo zamu.