Wiki 6 za kutafuta mahali pa "me" na "him": tathmini ya darasa la jioni

Darasa la jioni la Kiingereza nililosoma kwa wiki 6 hapa Dar es Salaam, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya shule, lina kitini kibaya na mwalimu mzuri, na kwa kuwa kitini hulipiwa mbali na ada, anayefikiria kujiunga anastahili kujua mapema fedha yake inalipia nini. Ninafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha, ambako kutwa nzima huwaandikia barua pepe wateja wa nje, na nilijiunga baada ya mteja mmoja kuniuliza kwa upole huyo "him" niliyekuwa nikimtaja ni nani, ilhali meneja wangu ni mwanamke.

Kosa hilo, kama nilivyokuja kuelewa, halikutokana na uzembe. Neno "nimemwambia" halitenganishi mwanamume na mwanamke. Ile "m" humtosha kila mtu, na aliyekulia katika lugha hii hana mazoea ya kujiuliza jinsia ya mtu kabla ya kukimaliza kitenzi. Kwa upande wa vitu mambo hugeuka, kwa sababu sisi tuna nimekiona, nimeliona, nimeuona na nimeiona, na Mwingereza hayo yote huyamaliza kwa "it" moja tu.

Somo lililonifanya nisijutie ada lilikuwa la siku ya pili. Mwalimu aliandika ubaoni neno "nisubiri", akaizungushia "ni" duara kwa chaki nyekundu, kisha akachora mshale ulioruka juu ya kitenzi na kutua upande wa pili, tukapata "wait me". Akatuuliza kilichopungua. Mzee mmoja aliyeketi nyuma, dereva wa teksi, akajibu kwamba yeye huwaambia abiria hivyohivyo uwanja wa ndege miaka yote na hakuna aliyewahi kumlalamikia. "Wanakuelewa, mzee wangu," mwalimu akasema, "lakini wao husema 'wait for me'." Kisha akapanga safu mbili: upande mmoja vitenzi vinavyopokea kiwakilishi moja kwa moja, kama "help me" na "call him", na upande mwingine vinavyodai kihusishi katikati, kama "listen to me", "look at her" na "explain it to us". Katika Kiswahili vyote hivi vina umbo moja, yaani nisaidie, nisikilize, niangalie, nieleze, na ndiyo maana anayetafsiri kichwani hujikwaa papo hapo kila mara. Safu hizo mbili ninazo hadi leo, nimezibandika kando ya kompyuta ofisini.

Jambo la pili lililoelezwa vizuri ni la virejeshi. Sisi husema "kontena tulilolipokea jana", na "li" ya mtendwa inakaa pale bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo nilikuwa nikiandika "the container which we received it yesterday", tena kwa kujiamini, nikidhani ile "it" inaonyesha umakini wangu. Mwalimu alieleza kwamba "which" imekwisha kukikalia kiti cha mtendwa, na kiti hicho hakikaliwi na wawili. Nilipopekua barua pepe zangu za mwezi uliotangulia niliikuta "it" hiyo ya ziada mara 11.

Kitini nacho ni habari nyingine. Mazoezi yake karibu yote ni ya kujaza nafasi kuhusu John na Mary, ambao hawaandiki barua wala hawapokei mizigo. Majibu yaliyochapishwa nyuma yanaihesabu "It's me" kuwa kosa na kudai "It is I", namna ya kusema ambayo leo mtu akiitumia kwenye simu ataonekana anaigiza jukwaani. Kinafundisha pia kwamba "you and I" ni adabu popote pale. Mwalimu alitwambia tuukate ukurasa huo kwa kalamu: mwondoe mwenzako katika "He called Asha and I", na "he called I" inayobaki itajisema yenyewe. Akaongeza, kama kutufariji, kwamba kosa hili ni la zamani, kwani hata barua ya Antonio kwa Bassanio, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kuwa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, ina maneno "between you and I". Ofisini, hata hivyo, andika "between you and me".

Lalamiko langu kubwa ni uchache wa nafasi ya kuzungumza. Tulikuwa wengi kuliko viti, na katika wiki 6 sikumbuki kuongea Kiingereza kwa dakika kumi mfululizo; anayehitaji ulimi kuliko kalamu atafute mahali pengine. Kwa mtu wa barua pepe, ninalipendekeza. Kitini usikinunue, kwani kinauzwa mbali na ada na hakuna anayekulazimisha. Beba daftari kubwa, na ufike kabla ya saa kumi na moja na nusu, kwa sababu aliyeketi nyuma ya nguzo haioni nusu ya ubao.