Boksi ya Ansar ya Perry Miniatures: nimeunganisha, nimepaka rangi, nimepigana nayo hapa Bombo, Uganda

Wenye haraka jibu ni hili: nunua. Wenye muda kaeni niwaeleze, maana boksi hii ina utamu wake na ina shida zake, na shida zingine wala si za kiwanda, ni za sisi kukaa mbali na kiwanda.

Kwanza ni kitu gani. Ansar ni wapiganaji wa Mahdi wa Sudan, miaka ya 1881 mpaka 1885, na hivi ni visanamu vyao vya mchezo wa vita wa mezani, plastiki ngumu ya kuunganisha na gundi, saizi ya milimita 28 kwa hiyo mtu mmoja akisimama ni kama sentimita tatu hivi. Wanaovichonga ni mapacha, Alan na Michael Perry, wako Nottingham kule Uingereza, na huyo Michael alipoteza mkono wa kulia mwaka 1996 Ufaransa kwenye maigizo ya vita, mzinga ulimlipukia, akajifunza kuchonga upya kwa mkono wa kushoto. Nawaambia hivyo ili ukikishika kidole cha kisanamu hiki na ukaona kucha ujue umeshika kazi ya mtu wa aina gani.

Ndani unakuta fremu za plastiki, miili, mikono, vichwa, mikuki, mapanga, ngao, bunduki za Remington, na karatasi ya bendera. Watu ni kama arobaini. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hawafanani, unaweza kumjenga Mbeja wa pwani ya Bahari ya Shamu, wale watu wa Osman Digna, jemadari wa Mahdi, wenye nywele zimesimama, kifua wazi na shuka kiunoni, au ukamjenga mtu wa Mto Nile mwenye jibba, kanzu ya viraka, na kilemba, au ukajenga Jihadiyya wale wenye bunduki wa Hamdan Abu Anja, jemadari mwingine. Vichwa vyenyewe ndio balaa, yaani sura ni sura za watu. Nimeshanunua visanamu vya Waafrika vya kampuni zingine sitazitaja, unakuta wamechonga mzungu halafu wanategemea wewe upake brauni iishe. Hawa hapana, pua, midomo, mashavu, ukiangalia unaona huyu anafanana na fulani wa pale stendi.

Sasa bei. Boksi yenyewe ukibadilisha paundi kuja shilingi inacheza kama laki moja na kidogo, hapo bado usafiri, bado VAT ya asilimia 18, bado na yule anayekuambia mzigo wako umekwama njoo tuongee. Wangu ulikaa ofisini kwa watu wa mizigo muda mrefu kwa sababu mtu alisoma kwenye karatasi kuna maneno bunduki na mapanga akataka maelezo, ikabidi nifungue boksi mbele yake nimtolee kijipanga kirefu kama punje ya mchele, akacheka mpaka akaita wenzake, lakini pesa ya kuhifadhi mzigo nililipa vilevile. Ushauri: muagize watu watatu wanne pamoja, au kama una ndugu anarudi kutoka London mbembeleze abebe, fremu ni nyepesi zinalala chini ya nguo, boksi atupe huko huko.

Gundi usihangaike. Gundi ya plastiki ile inayoyeyusha kidogo ndio nzuri kwa hivi, supaglu ya dukani inashika lakini mkono ukigongwa unaruka. Praima, ile rangi ya msingi ya kupiga kwanza, ndio kazi. Spreyi za praima za visanamu hapa hazipatikani na kwenye ndege hazipandi, kwa hiyo watu tunaenda soko la Kisekka Kampala kwa wauza spea tunachukua spreyi ya gari ya kijivu isiyong'aa, inafanya kazi lakini piga kwa mbali, puliza kidogo, acha, puliza tena, ukiimwaga nzito inalainisha plastiki na ile sura niliyoisifia hapo juu inageuka uji. Na usipige msimu wa mvua. Mwezi wa nne hewa imejaa maji, unyevu unaingia kwenye rangi na kisanamu kinakauka na ukungu mweupe, subiri jua la saa tano.

Twende kwenye rangi yenyewe, hapa ndio nataka kukaa kidogo. Ngozi kwanza. Miongozo mingi ya wazungu inakuambia paka kahawia nzito halafu ng'arisha na kahawia yenye kijivu, matokeo yake mtu anaonekana mgonjwa, kama amelala kwenye majivu. Angalia mkono wako mwenyewe bwana! Pale juu ya kifundo ambapo jua linapiga, rangi haiendi kwenye kijivu, inaenda kwenye wekundu, kwenye shaba. Mimi naanza na rangi ya Vallejo ile German Camo Black Brown, juu yake Chocolate Brown, halafu mwisho naichanganya na tone la rangi ya chungwa kwenye pua, mashavu, mabega na magoti basi. Na usiwape wote mchanganyiko mmoja, Sudan watu wana rangi nyingi na jeshi la Mahdi lilikusanya Wabeja, Waarabu wa Baggara wa Kordofan na Darfur, watu wa mtoni, na weusi kabisa wa kusini ambao wengi waliingia kama askari waliotekwa.

Halafu jibba. Ile kanzu ya viraka. Mwanzoni kabisa ilikuwa kanzu chakavu kweli, viraka vya mtu aliyeiacha dunia, Muhammad Ahmad alipojitangaza Mahdi mwaka 1881 wafuasi wake walivaa hivyo kuonyesha ufukara mbele ya Mungu. Miaka ikasonga, kufika vita ya Omdurman mwaka 1898 viraka vilishakuwa sare, vimekatwa vizuri kulia sawa na kushoto, rangi zimepangwa. Kwa hiyo kama unajenga jeshi la 1885 kama mimi usipake viraka vya kupendeza, paka ovyo! Kimoja begani, kingine kimekaa upande karibu na pindo, kimoja kikubwa kimezidi. Navipaka na ncha ya kijiti cha meno, bluu ya nili, nyeusi iliyopauka, nyekundu kidogo, halafu navizungushia mstari mwembamba sana wa kahawia nzito kama mshono. Mtu mmoja anaweza kunimalizia jioni nzima na ni kitu ambacho ukisimama mita moja hukioni. Sijali.

Bendera nazo. Karatasi iliyomo ni nzuri, maandishi ya Kiarabu yanasomeka vizuri, na hapo kuna jambo ambalo mwandishi wa Uingereza hawezi kukuambia: zile ni dua na majina ya Mungu. Usikate mabaki ukayatupa kwenye taka za jikoni, na ukimaliza mchezo usiache bendera chini kwenye zulia watoto wakapita juu yake. Mimi zangu zinakaa kwenye kabati juu. Nikitaka za ziada nachora mwenyewe napeleka Nasser Road Kampala, pale wanakuchapia chochote kwenye karatasi nyembamba na hawakuulizi ni ya nini.

Sasa malalamiko. Mikuki ni myembamba mno, ukilibeba jeshi kwenye boda inafika nusu imevunjika, wengine wanaing'oa na kuweka nyaya za brashi ya chuma, wazo zuri ila chunga watoto, inachoma. Maelezo ya kuunganisha ni machache. Na farasi na ngamia hawamo, ni pesa nyingine.

Lakini shida yangu kubwa na boksi hii wala si kosa la Perry. Mzee mmoja hapa mtaani, Mnubi kama mimi, alikuja akakuta nimewapanga mezani wanakauka akauliza, "Mjukuu wangu, hawa si ndio waliowafukuza babu zetu?" Nikamwambia ndiyo mzee, ndio hao hao. Akatikisa kichwa, "Na umewanunua kwa pesa yako." Na ana haki! Sisi Wanubi wa Bombo wengi wetu ni uzao wa askari wa serikali ya Misri kule Equatoria, jimbo la kusini mwa Sudan, chini ya Emin Pasha, yule Mjerumani Eduard Schnitzer, ambaye Mahdi alipoikata njia ya Khartoum alirudi nyuma mpaka Wadelai, na Wadelai iko hapa hapa Uganda, West Nile. Stanley, yule mvumbuzi, akaja akamchukua Emin mwaka 1889, askari wengi wakabaki na ofisa wao Selim Bey kule Kavalli karibu na Ziwa Albert, mpaka Lugard, ofisa wa Kiingereza, akawafuata mwaka 1891 akawaleta huku. Ansar ndio walikuwa adui. Kwa hiyo nina boksi nzuri kabisa ya upande ule mwingine, na upande wangu hakuna aliyewatengenezea plastiki.

Basi nimewajenga kwa kisu. Miili ya Jihadiyya inafaa sana maana Jihadiyya wenyewe wengi walikuwa watu wale wale wa kusini, silaha ile ile ya Remington, tofauti ni bendera tu unayosimama chini yake. Nachagua mwili wenye bunduki, nakata kilemba mpaka kichwa kibaki bapa juu, naenda duka la hadwea nachukua epoksi ya mafundi bomba, ile ya kukanda vipande viwili, natengeneza kijidonge, nakibana juu ya kichwa, naloanisha kisu na maji ili isinate, nasawazisha pembeni mpaka inakuwa tarbushi, napachika uzi mweusi kama kishada. Inakauka haraka kwa hiyo fanya watatu watatu tu. Mzee alipoona wa kwanza mwenye tarbushi nyekundu alimshika akamgeuza geuza, akasema miguu, miguu awe pekupeku, viatu walikuwa hawana. Nikakwangua viatu.

Mezani wanacheza vipi? Kanuni tunazotumia sisi kila upande una pointi 24, Waingereza kundi la askari 12 ni pointi 6, Ansar wa mikuki kundi la watu 16 ni pointi 3 tu. Piga hesabu, ukienda mikuki mitupu unahitaji watu 128, yaani boksi zaidi ya tatu, na mfuko wangu haufiki huko. Mimi na boksi mbili tunacheza pointi 16 kwa 16: makundi manne ya mikuki na moja la Jihadiyya watu 12 la pointi 4, na inatosha kabisa kwa meza ya sebuleni. Tulicheza vita ya Abu Klea, ile ya tarehe 17 Januari 1885, Waingereza kama 1,400 wamejipanga mraba wanaelekea mtoni kumwokoa Gordon aliyezingirwa Khartoum, bunduki yao ya mashine ya Gardner waliyoitoa nje ya mraba ikakwama, kona ya mraba ikafunguka Ansar wakaingia ndani. Jamaa yangu wa Luwero ana Waingereza, akakataa kuitoa Gardner nje ya mraba maana amesoma historia, nami nikalala kwenye korongo la kitambaa cha kaki mpaka akakaribia. Dadu zangu zikagoma mara mbili, watu wakarudi nyuma, halafu Jihadiyya wakampiga risasi kutoka kilimani akabanwa asisogee na mikuki ikaingia kutoka pembeni. Alishinda yeye mwisho kama ilivyokuwa kweli, lakini alibaki na kundi moja na nusu na hakuwa anacheka.

Besi zao, vile vibao wanavyosimamia, usiweke udongo wetu mwekundu, murram ni Uganda si jangwa la Bayuda kule Sudan. Chukua mchanga wa ziwani Entebbe, chekecha na chujio ya chai, bandika na gundi nyeupe, pitisha juu rangi ya mchanga kwa brashi kavu. Kwa wale wenye tarbushi hapo sasa weka murram yote unayotaka.

Kama mfuko ni mdogo anza na boksi moja, gawana na rafiki, yeye Wabeja wewe wa mtoni. Nyota nne juu ya tano, ya tano nimeizuia kwa ajili ya mikuki.