Boksi la TV ambalo tundu lake la waya likilala haliamki

Nilisema ngoja hasira zipoe ndipo niandike. Muda umepita, hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Sifa za boksi hili, lile la kuunganisha na TV ili uangalie filamu na mechi kwa intaneti, sitazirudia, zimejaa kwenye kasha lake na kila linapouzwa. Nina neno na kitu kimoja tu: lile tundu la waya wa intaneti lililoko nyuma. Ndilo lililonifanya nilichague hili nikaacha mengine yaliyokuwa madogo na ya kupendeza zaidi. Vile vijiti vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye TV vingi havina tundu hilo kabisa, mpaka utafute adapta pembeni. Hili limekuja nalo tayari. Nikafurahi, nikalipa.

Waya niliutaka kwa sababu Waifai ya sebuleni kwangu ilikuwa imenichosha. Kati ya ruta na TV kuna kuta za zege. Masafa ya Waifai ya gigahezi 5 yana kasi lakini yakikuta ukuta yanaishiwa nguvu. Yale ya 2.4 yanapenya vizuri zaidi, ila humo mmejazana na majirani, na oveni ya maikrowevu nayo inapiga kelele humo humo. Matokeo yake ni kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo, na siku zote kinakuja pale mchezaji anapotaka kupiga penalti. Kwa hiyo nilinunua waya, nikaupitisha juu ya dari, nikabana plagi zake mwenyewe pande zote mbili, nyaya nane za ndani nikizipanga kwa rangi zake: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Nikaupima na kipima waya, taa zote nane zikapita kwa mpangilio. Nayataja haya kwa makusudi, mtaona mbele.

Jioni ya kwanza niseme ukweli, nilifurahi mno. Unabonyeza, picha inakuja imeshakamilika, si ile ya kuanza na ukungu halafu inajisafisha taratibu. Kuna watu wanalidharau tundu hili kwa sababu mwisho wake ni megabiti 100 kwa sekunde, wakati Waifai ya boksi hilo hilo imeandikiwa namba kubwa mara kadhaa. Msiwasikilize. Filamu ya 4K, ile ya picha kali kabisa, kutoka kwenye huduma kubwa za kustrimu inahitaji megabiti 15 hadi 25 hivi. Mia inatosha na kubaki. Namba kubwa ya Waifai ni ya mahali pazuri, saa nzuri, na hakuna mwingine anayetumia. Waya unakupa kilekile sekunde kwa sekunde, mvua au jua. Usiku ule ningeulizwa ningetoa nyota zote tano na kuomba ya sita.

Asubuhi nikawasha: hakuna mtandao.

Nikazunguka nyuma ya TV na tochi. Pale kwenye tundu kuna vitaa viwili, kimoja cha kijani kinachokaa kimewaka na kimoja cha rangi ya chungwa kinachopepesa data ikipita. Vyote vimezima, giza kabisa. Nikaenda kwenye ruta, taa ya tundu lile nayo imezima. Nikarudi, nikabonyeza kile kikucha cha plastiki, nikachomoa plagi, nikairudisha mpaka ikalia tap. Kijani kikawaka, chungwa kikaanza kupepesa, mtandao ukarudi kama hakuna kilichotokea. Nikadhani ni la siku moja. Kesho yake vilevile, na kila siku iliyofuata. Ukilizima kwa muda mfupi, halina neno. Likilala usiku kucha, tundu halirudi mpaka uende kwa mkono wako nyuma ya TV, uchomoe, uchomeke.

Nilijaribu kila kinachojaribika. Waya mwingine. Tundu lingine la ruta. Programu ya boksi nikaisasisha. Waya ule ule nikauchomeka kwenye kompyuta, nikailaza usiku, asubuhi ikaamka na mtandao wake bila shida. Mwishowe nikaweka swichi ndogo ya mtandao, kile kifaa chenye matundu kadhaa ya kuunganisha nyaya za intaneti, katikati ya ruta na boksi: asubuhi swichi na ruta zinaonana vizuri, taa imewaka, na upande wa boksi ni giza. Hapo kesi imekwisha. Ruta haikuwa inazungumza na boksi tena, na bado boksi liligoma. Vifaa viwili vikichomekwa waya vinatakiwa kwanza vikubaliane kasi vitakayotumia, ndipo taa iwake, ndipo boksi lipewe anwani ya mtandao, ndipo mengine yafuate. Hili likiamka, hata hiyo hatua ya kwanza halianzi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea kijana, sauti yake imechoka kabla sijamaliza salamu. Nikamweleza yote niliyowaeleza hapa, kwa utaratibu. Akanijibu, "Mama, hapo nyumbani hakuna kijana anayeweza kukusaidia kuunganisha?"

Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia, "Mwanangu, waya huu nimeuvuta mimi na plagi nimebana mimi. Nakuuliza kuhusu tundu la boksi lenu." Akasema basi nilipanga rangi vibaya. Nikamwambia kwa kasi ya megabiti 100 boksi linatumia nyaya nne tu kati ya nane, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita. Nimezipima zote, na ningekuwa nimekosea mchana usingefanya kazi pia. Akasema hayo hayajui, yeye anaona nibadilishe ruta. Nikataja swichi. Akauliza swichi ya taa? Halafu akamalizia kwa lile lililonichoma kuliko yote: "Mama, tumia tu Waifai kama wenzako." Akakata.

Kama Waifai ndiyo dawa, hilo tundu mmeliweka la nini? Na mtu mzima akikueleza tatizo hatua kwa hatua, unamtafutiaje kijana wa kumsemea ndani ya nyumba yake mwenyewe? Boksi ni kitu, kitu huharibika, ningelisamehe. Ile simu siisamehi.

Baadaye niliwaandikia barua pepe. Wakajibu kwa upole, lazima niseme hivyo, na aliyejibu alikuwa amesoma nilichoandika. Akanielekeza niingie kwenye mipangilio ya umeme nizime kulala kabisa. Nimefanya, na inasaidia: asubuhi mtandao upo. Lakini sasa boksi linakesha macho, ukiligusa mchana ni la moto ingawa hakuna aliyelitumia. Nilimwuliza kama watatoa sasisho la programu la kulirekebisha tundu lenyewe. Hilo hakulijibu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga nyota moja. Jana usiku tumeangalia filamu ndefu ya 4K nyumba nzima, watoto wakiwa kwenye simu zao, mwingine anapakua mchezo, na picha haikutikisika hata mara moja. Nikajiambia nitoe tatu. Sasa nimerudia kuandika maneno ya yule kijana na damu imepanda tena: mbili, na ya pili ni ya yule aliyesoma barua yangu.

Ukiwa unalinunua kwa ajili ya Waifai, sina la kukuzuia, pengine utalipenda. Ukiwa unalitaka kwa waya kama mimi, lichomeke siku hiyohiyo ulipolileta, lilaze usiku, na asubuhi kabla hujabonyeza chochote kingine tazama kile kitaa cha kijani. Kikiwa kimezima baada ya kuliwasha, lirudishe dukani na risiti yako wakati muda wa kurudisha bado upo. Usipige ile simu.