Sola ya kununua au ya kukodi: benki inaionaje?

Haya wapendwa, leo sipimi wati wala sifungui boksi, leo nimeshika mkataba, maana wengi mnaniuliza paneli gani ni kali, mkishafunga ndo mnakuja kugundua mkopo wa nyumba umekwama sababu ya paneli hizo hizo.

Ukinunua keshi ni zako, ziko kwenye paa lako, mthamini akija anaweza kuzihesabu, kwisha. Ukikodi sasa, paa lako ila kilichokaa juu yake ni cha kampuni, na mikataba mingi ni miaka 20 mpaka 25, kwa hiyo ukienda kukopa ile kodi ya mwezi inaweza kuhesabiwa kama deni lako lingine, uwezo wako wa kukopa unashuka, alafu kwenye thamani ya nyumba paneli hazikuongezei kitu. Marekani, ambako kukodi sola kumeshika sana, Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, wameliweka wazi kwenye mwongozo wao: paneli za kukodi haziingii kwenye thamani ya nyumba, malipo yake yanaingia kwenye madeni. Yaani mzigo unaubeba, thamani huipati! Hii inaniuma kwa kweli. Wenye mkataba wa kulipia umeme uliozalishwa tu wana nafuu, malipo yao yanaweza kuachwa nje ya hesabu ya madeni.

Na angalieni kipengele cha nyongeza, wengi hawakisomi. Kodi ikianza 100 kwa mwezi na inapanda asilimia 3 kila mwaka, mwaka wa 20 unalipa kama 175, na muuzaji anakuonyesha ile 100 tu.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kuna mtu kachukua mkopo wa sola, anajua kanunua, anatamba ni zangu, kumbe paneli zenyewe ndo dhamana na mkopeshaji amesajili haki yake juu ya paneli hizo. Akishindwa kulipa zinang'olewa. Benki ya nyumba ikikuta huo usajili inaanza maswali, nani wa kwanza kulipwa, na kama paneli zinaweza kung'olewa basi kwenye thamani hazihesabiwi pia, uko karibu sawa na aliyekodi. Kwa hiyo swali sio umenunua au umekodi, swali ni nani anaweza kupanda paa lako akazishusha.

Mimi kama una mpango wa kukopa kwa nyumba yako au kuiuza miaka ya karibuni, nasema nunua, hata mfumo mdogo, paneli chache utaongeza baadaye. Umeshakodi? Usipanic, soma sehemu ya kununua kabla mkataba haujaisha, omba bei kwa maandishi, na ukishalipa kama kampuni nayo imesajili haki yake juu ya paneli, dai karatasi ya kufuta usajili huo uishike mkononi kabla hujapeleka maombi benki, sio wiki ya kusaini ndo unaanza kupiga simu.