Trei ya Plastiki ya Kukinga Maji Chini ya Mashine ya Kufulia: Tathmini kwa Wanaomalizia Ghorofa ya Chini ya Ardhi

Trei ninayoitathmini ni ile ya plastiki ngumu ya inchi 30 kwa 32, yenye ukingo wa inchi 2 na nusu na tundu la pembeni la kupachika bomba la PVC la inchi 1, ambayo hupatikana katika maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi hapa Marekani. Tuliinunua kwa chini ya dola 40 tulipokuwa tukimalizia ghorofa ya chini ya nyumba yetu Minneapolis, mji ambao msingi wa nyumba hulazimika kushuka angalau inchi 42 ili usisukumwe na barafu ya ardhini, na ndiyo maana nyumba nyingi zina nafasi kubwa chini ambayo familia huigeuza kuwa sebule, chumba cha wageni na mahali pa kufulia. Kifaa chenyewe ni kizuri na ninakipendekeza. Hata hivyo, faida yake yote inategemea jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikuligusa, nalo ni mahali ambapo maji yatakwenda yakishaingia ndani yake.

Chini ya ardhi, trei hukaa juu ya zege na tundu lake huwa karibu sawa na sakafu. Wapo wanaodhani kwamba linaweza kuunganishwa na bomba la wima ambalo mashine humwagia maji machafu. Haiwezekani, kwa sababu mdomo wa bomba hilo huwekwa angalau inchi 18 juu ya kona inayohifadhi maji ya kuzuia harufu, na mashine huyafikisha maji huko kwa nguvu ya pampu yake. Trei haina pampu. Maji yake hufuata mteremko peke yake, na mteremko unaotakiwa kwa bomba jembamba kama hili ni robo inchi kwa kila futi, yaani takriban sentimeta 2 kwa kila mita. Kwa kuwa tundu la sakafuni la nyumba yetu lipo futi 8 kutoka kwenye mashine, tulihitaji inchi 2 za mteremko ambazo hazikuwapo. Fundi bomba alishauri mashine iinuliwe juu ya jukwaa la mbao za inchi 2 kwa 6 lililofunikwa kwa plaiwudi nene, na mbao zake zikaribiane, maana mashine ya mlango wa mbele hukamua kwa zaidi ya mizunguko 1,000 kwa dakika na jukwaa legevu lingetikisika hadi kuipasua trei.

Bomba lilipitishwa nyuma ya ukuta kabla ya jipsamu kupigwa, na tukamwaga ndoo nzima ya maji ndani ya trei ili kuhakikisha kwamba yote yanatoka. Jaribio hilo halina mbadala: ukuta ukishafungwa, kosa la mteremko haliwezi kurekebishwa bila kubomoa.

Mwisho wa bomba nao unahitaji uangalifu mkubwa. Haufai kugandishwa kwa gundi ndani ya tundu la sakafuni. Unapaswa kuishia juu yake ukiacha nafasi ya hewa, ili maji taka yakirudi nyuma wakati wa mvua kubwa, au harufu ikipanda, visipate njia ya kuingia kwenye trei. Tundu lenyewe lisifunikwe kwa vinaili wala zulia, kosa ambalo nimeliona katika nyumba kadhaa zilizopambwa vizuri sana. Aidha, maji ya kwenye kona yake hukauka majira ya baridi, hewa ya ndani inapokuwa kavu, hivyo ni lazima kuongeza maji mara kwa mara. Shimo la pampu ya maji ya ardhini si mbadala mzuri, kwa sababu pampu hiyo kwa kawaida huyatoa maji nje ya nyumba, na miji mingi hairuhusu maji ya sabuni yapelekwe huko. Kabla ya kuanza, ulizeni ofisi ya ujenzi ya mji wenu kuhusu kibali.

Trei yenyewe ina upungufu. Nati ya plastiki inayoshika bomba ililegea baada ya mitikisiko ya awali na ikabidi ikazwe tena, na kwa kuwa tundu lipo upande mmoja tu, ni lazima uamue mwelekeo wake mapema. Vilevile, inasaidia kwa uvujaji wa polepole tu. Mpira wa maji ukipasuka nyuma ya mashine, maji yataruka ukutani na kuipita. Kwa hiyo tuliweka mipira iliyosukwa kwa chuma cha pua, pamoja na vali yenye kihisi ambayo hufunga maji yenyewe trei inapolowa.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Anayetaka kuinunua apime nafasi kabla ya kusimamisha fremu za ukuta: mashine ya upana wa inchi 27 huingia vizuri, lakini kingo za nje za trei huzidi inchi 30, na mashine inayokaribia kilo 90 italazimika kunyanyuliwa juu ya ukingo wa mbele kila inapotolewa kwa matengenezo.